Naomba ushauri: mzaha unaoumiza bado ni kichekesho?

Ndugu zangu, mimi ni mchekeshaji chipukizi hapa Goma. Nina kisa cha usiku wa tarehe 22 Mei 2021, volkano ya Nyiragongo ilipolipuka, ambamo mtu anakimbilia mpaka wa Rwanda akiwa amebeba televisheni, huku mama mkwe wake akiwa amesahauliwa nyumbani. Watu hucheka hadi machozi (mimi mwenyewe nilikimbia na godoro kichwani), lakini juzi mama mmoja, ambaye nyumba yake ya Buhene ilifunikwa na lava, aliinuka akatoka bila kusema neno. Wenzangu wanadai kwamba anayechukizwa hajui utani. Mimi sikubali, kwani hata watani huchagua siku ya kutaniana. Je, nikiache kisa hicho, au nijicheke mwenyewe na godoro langu?