Saa ya mkononi inapimaje mapigo ya moyo?

Swali: Naomba kueleweshwa: taa ya kijani inayomulika chini ya saa yangu huhesabuje mapigo ya moyo, ilhali haigusi mshipa wowote?

Jibu: Damu hufyonza mwanga wa kijani. Kila moyo unapopiga, damu huongezeka katika mishipa midogo ya ngozi, hivyo mwanga unaorudi kwenye kihisi (sehemu ya saa inayopima mwanga) hupungua kidogo, na programu huhesabu kupanda na kushuka huko.

Jibu: Naongeza kwamba oksijeni iliyomo kwenye damu hupimwa kwa mwanga mwekundu na wa infraredi (usioonekana kwa macho), mbinu aliyoibuni Takuo Aoyagi nchini Japani miaka ya 1970. Kwa maoni yangu, kipya hasa ni udogo wa vifaa.

Muulizaji: Kumbe! Ndiyo maana mkanda ukilegea nikikimbia, namba huruka ovyo?

Jibu: Naam, mwanga wa nje hupenya na mtikisiko huvuruga hesabu.