Beatles na EMI: walidhulumiwa au walijifunga wenyewe?

Gitaa la Kisauni: Nimetoka kubishana na jamaa hapa maskani mpaka kahawa ikapoa. 1962 bendi ya Beatles walitia saini na EMI, kampuni ya rekodi ya Uingereza, malipo peni moja kwa kila singo (santuri ndogo), na hiyo peni moja wagawane wanne, meneja naye ana fungu lake. Mimi nasema wamedhulumiwa mchana kweupe. Ila na wao wangesoma, maana wasanii hata hawa wetu wa Pwani wakioneshwa advansi (pesa ya kutangulizwa) tu hawasomi.

Mwana Likoni: Dhuluma iko wapi? Kampuni nyingine ya rekodi, Decca, ilikuwa ishawakataa mwaka huohuo! EMI ndio waliowafungulia mlango, na 1967 mkataba ukaandikwa upya wakapata zaidi.

Bi Somoe: Hayo ya Uingereza baadaye. Hiyo ya "wa Pwani hawasomi" imenichoma. Kaka yangu amepiga besi hoteli za Nyali miaka tisa. Siku ya kusaini karatasi kumi na nne, Kizungu cha mawakili, zimewekwa juu ya spika, bosi kashika kalamu ishatolewa kifuniko, na nje matatu ya kuwapeleka shoo yapiga honi. Akauliza hapa pasema nini, akaambiwa mambo ya kawaida hayo, weka saini. Huyo ndio hataki kusoma?

Mzee wa Santuri: Mwambie! Bendi ya Them Mushrooms walianza 1972 hapahapa Mombasa, na wimbo wao Jambo Bwana ukaimbwa mpaka na kundi la Ulaya Boney M. Pwani vichwa viko tangu zamani.

Gitaa la Kisauni: Wazee wangu sijasema hakuna vichwa, mwanitilia maneno mdomoni! Nasema mkataba. Hao Beatles si nyimbo zao EMI iliziuza kwa Michael Jackson?

Mwana Likoni: Si EMI, yakhe. Michael 1985 alinunua ATV, kampuni iliyokuwa na haki za utunzi, yaani maneno na muziki wa nyimbo, dola milioni 47 na nusu. Rekodi zenyewe, yaani sauti zilizorekodiwa studio, zilibaki EMI. Utunzi mbali, rekodi mbali, na hapo ndipo wengi wanapoliwa.

Bi Somoe: Na kaka yangu ndiye aliyezitunga zile nyimbo, jina lake halimo hata kwenye kava.

Gitaa la Kisauni: Dadangu nimekosa, nisamehe. Nakala ya mkataba anayo? Ailete, kuna wakili namjua pale Mwembe Tayari aisome.

Bi Somoe: Nakala gani? Zote mbili zilibaki kwa bosi.