Mjadala: Haya makongamano ya bayoteknolojia, maadili na jamii yamewahi kuzuia nini?

Kipanga
Wakuu habari zenu. Hili jambo limenikaa kooni siku nyingi ngoja nilitoe. Kila mara tunasikia kongamano hili na lile, wanaitwa watafiti wa vinasaba, watu wa falsafa, wanasheria, mashehe na maaskofu, watu wa sosholojia, wanakaa ukumbi mmoja kujadili bayoteknolojia na maadili na jamii, halafu linatoka tamko, na tamko lenyewe ukilisoma vizuri linasema tuendelee kujadiliana. Mi naomba mnitajie kitu kimoja tu kilichozuiwa na hivi vikao. Maana mfano wa kushindwa ninao. Desemba 2015 walikutana Washington wakasema wazi kwamba kubadili vinasaba vya kiinitete (mimba changa kabisa) halafu ukakipandikiza kwa mama ni kutowajibika, mpaka usalama ujulikane na jamii ikubaliane. Miaka mitatu haijatimia, Novemba 2018, mwanasayansi He Jiankui wa China akatangaza mapacha waliobadilishwa vinasaba wameshazaliwa. Tamko lilimzuia? Halikumzuia. Kilichomshika ni mahakama, Desemba 2019, miaka 3 jela na faini ya yuani milioni 3. Sasa kwa nini nguvu yote isiende kwenye sheria?

BintiSheria
Kipanga sheria haishuki kutoka mbinguni bana. Uingereza 1982 serikali iliunda kamati chini ya Mary Warnock, mwanafalsafa huyo, si daktari, baada ya mtoto wa kwanza wa kutungishwa nje ya mwili kuzaliwa 1978. Ndani ya kamati kulikuwa na madaktari, wanasheria, watu wa dini, watu wa ustawi wa jamii, wakabishana kwelikweli na wengine wakaandika kabisa kwamba hawakubaliani. Ripoti ikatoka 1984, ikasema kiinitete kisikuzwe maabara kupita siku 14. Mwaka 1990 likawa sheria ya Bunge, na nchi nyingi zikafuata hiyohiyo namba 14. Hiyo namba haikutoka maabara peke yake. Wanabiolojia walisema karibu na siku ya 15 ndo mstari wa mwanzo wa mwili unaonekana, na kabla ya hapo kiinitete bado kinaweza kugawanyika kuwa mapacha, wanafalsafa wakauliza basi mtu mmoja anaanza lini, wanasheria wakasema tupeni kitu kinachohesabika kortini. Ulitaka kimoja, hicho hapo.

Mzee wa Pipeti
Nimefanya kazi maabara miaka mingi kwa hiyo naongea ninachokijua. Kikao kilichofanya kazi kweli ni Asilomar, California, Februari 1975. Mwanasayansi Paul Berg na wenzake walisimamisha wenyewe majaribio ya kuunganisha vinasaba vya viumbe tofauti, wakakutana watu kama 140, wakapanga viwango vya tahadhari kulingana na hatari ya kila jaribio, wakarudi kazini. 1976 Marekani ikatoa miongozo rasmi, 1982 insulini ya binadamu (dawa ya kisukari) iliyotengenezwa na bakteria ikaruhusiwa sokoni. Kwa nini walifanikiwa? Kwa sababu walikuwa watu wa fani. Linganisha na kilichofuata kule Cambridge ya Massachusetts, 76 au 77 hapo, meya akataka kuzuia utafiti huo kwenye vyuo vya Harvard na MIT, wakaunda jopo la raia, humo alikuwemo mtawa, mfanyabiashara wa mafuta ya kupashia nyumba joto, injinia wa majengo, nesi. Sasa nesi anajua nini kuhusu bakteria aliyepandikizwa vinasaba? Tusidanganyane jamani, kuchanganya watu si hekima kila mara.

Msomaji Mkimya
Mzee hilo jopo la Cambridge lilisikiliza ushahidi miezi kadhaa halafu likasema utafiti uendelee ila tahadhari ziongezwe, na Februari 1977 mji ukapitisha sheria yake ndogo. Kampuni za bayoteknolojia hazikukimbia, zilikuja kujazana palepale. Kwa hiyo huo mfano unakupinga wewe mwenyewe.

Nesi wa Zamu
Subirini kwanza. "Nesi anajua nini"??

Mzee wangu nakuheshimu kwa umri ila hilo neno umelitoa vibaya. Nikwambie nesi anajua nini. Wodini kwetu ulikuja utafiti wa vinasaba, hospitali siitaji, watafiti walikaa na wagonjwa muda wa kujitambulisha tu, fomu za ridhaa tukaachiwa sisi tuzisomee watu. Kuna mama mmoja mwanawe alikuwa na homa, kalamu ameshaishika, ameiweka juu ya mstari wa sahihi, akaniuliza "majibu mtanirudishia?" Nikapekua fomu yote kurasa kwa kurasa mbele yake. Kulikuwa na aya ya faida kwa sayansi, aya ya usiri, aya ya kuhifadhi sampuli kwa tafiti zijazo. Majibu kumrudia yeye hakuna palipoandikwa, si ndiyo wala si hapana. Mtafiti simu haipokelewi. Yule mama alisaini kwa sababu aliogopa akikataa mtoto hatatibiwa, na hilo nililiona machoni mwake na nikamwambia mara mbili kwamba matibabu yako palepale. Hicho ndicho nesi anachokijua. Na kwenye hayo makongamano sijawahi kumuona nesi amealikwa kuzungumza, anaitwa kushika meza ya kuandikisha majina.

Mzee wa Pipeti
Dada usinilishe maneno. Nilisema kuhusu bakteria, sikusema manesi hawana akili. Mke wangu marehemu alikuwa nesi. Kila mtu na kazi yake ndo hoja yangu, na kama mtafiti hakupokea simu huyo ni mtafiti mmoja mbovu, usituchanganye wote.

Nesi wa Zamu
Hakuwa mmoja. Na marehemu mke wako Mungu amrehemu, ila usimtumie kama ngao.

Kipanga
Jamani turudi kwenye mada, swali ni je vikao

Tunu
Mada ni hiyohiyo Kipanga we hutaki kuiona tu. Huyo He Jiankui uliyemtaja, unajua wale wazazi waliambiwa wanaingia kwenye nini? Fomu waliyosaini iliita ule mradi utengenezaji wa chanjo ya UKIMWI. Baba zao watoto walikuwa na virusi, watu wanaotafuta mtoto kwa hofu na aibu ya miaka, ukiwapa karatasi imeandikwa chanjo watasaini. Washington walikaa kujadili kama binadamu abadilishwe au asibadilishwe, nani alikaa kujadili yule mama atasomewa nini siku ya kusaini? Ndo maana namuunga mkono dada nesi kwa asilimia zote.

BintiSheria
Na Mzee naomba nikurekebishe kuhusu Asilomar, si kweli kwamba walikuwa wanasayansi watupu. Waliitwa wanasheria wachache na waandishi wa habari pia walikuwepo. Siku moja kabla ya kufunga, jioni, wanasayansi bado wanavutana kila mtu anatetea jaribio lake, wanasheria wakasimama wakawaeleza kwamba mfanyakazi wa maabara akiugua mtashtakiwa nyinyi na vyuo vyenu. Waliokuwepo wanasimulia kwamba hapo ndipo ukumbi ulipotulia, na kesho yake wakakubaliana. Kwa hiyo hata hicho kikao chenu cha watu wa fani kilisukumwa na watu wa nje ya fani.

Ila na mimi nikiri Asilomar ina doa. Silaha za kibaolojia na kubadili vinasaba vya binadamu viliwekwa pembeni makusudi, wakasema tujadili usalama wa maabara tu. Mambo waliyoyaruka ndo yanatusumbua mpaka leo.

Mzee wa Pipeti
Waliyaruka kwa sababu wangeyaingiza wasingekubaliana chochote! Wewe mwanasheria unajua, ukitaka mkataba usainiwe unapunguza vipengele. Kikao kikibeba kila kitu hakibebi kitu.

Mwana wa Selimundu
Mi huwa nasoma tu leo naandika. Nina selimundu, ile sikoseli, tangu kuzaliwa. Nyie mnabishana nani aalikwe, mimi nataka niwaambie kitu kimoja. Machi 2023 London kwenye ule mkutano mkubwa wa kuhariri vinasaba alisimama Victoria Gray, mgonjwa kama mimi, mtu wa kwanza kule Marekani mwenye selimundu kutibiwa kwa kuhaririwa vinasaba vya seli zake, akasimulia maumivu aliyokuwa nayo na jinsi alivyo sasa. Nilimuangalia huku nalia. Lakini mwisho wa mwaka huohuo tiba hiyo ikaruhusiwa Uingereza kisha Marekani, bei ikatangazwa Marekani dola milioni 2.2 kwa mgonjwa mmoja. Na juu ya bei kuna kemikali kali ya kuondoa uboho wa zamani kabla hawajakurudishia seli zilizohaririwa, maana yake unahitaji hospitali yenye uwezo huo na wiki nyingi za kulazwa. Wagonjwa wengi wa selimundu duniani wako Afrika. Sasa naomba anijibu yeyote, kwenye hayo makongamano nani anayejadili mimi nitaipataje? Maana naona wanajadili watoto watakaobuniwa miaka hamsini ijayo na sisi tulio hai hatumo.

Kipanga
Pole sana ndugu yangu. Ila umeona sasa, hata yeye anasema hayamsaidii. Victoria Gray aliongea, bei ikashuka?

Mwana wa Selimundu
Kipanga usiniweke upande wako. Sikusema yafungwe. Nimesema tumo nje. Yakifungwa nitaongelea wapi, mahakamani? Kwa wakili yupi?

Msomaji Mkimya
+1. Hapo umemjibu vizuri.

Kipanga
Haya sawa. Lakini bado hakuna aliyenijibu kuhusu He Jiankui.

Tunu
Nimekujibu hukusoma.

BintiSheria
Nakujibu tena taratibu. He Jiankui alipanda jukwaani Hong Kong tarehe 28 Novemba 2018 kwenye kongamano la aina hiyohiyo unayoidharau, na pale ndipo alipobanwa hadharani na wenzake, ridhaa ilichukuliwaje, nani alipitisha, kwa nini siri. Dunia nzima iliangalia. Tamko halina pingu, hilo nakubali, lakini lilikuwa limeshaandikwa kwamba kitendo hicho ni kutowajibika, kwa hiyo hakuweza kusema hakujua. Wewe unataka kikao kifanye kazi ya polisi.

Mzee wa Pipeti
Nirudi kwa dada nesi maana naona watu wananishambulia pembeni. Ile aya ya "tafiti zijazo" anayoilalamikia, bila hiyo aya hakuna utafiti wa vinasaba utakaofanyika. Huwezi kumrudia kila mgonjwa kila ukipata swali jipya, wengine wamehama, wengine wamefariki, sampuli iko kwenye friji na inaweza kuokoa watu. Tukianza kuogopa kila karatasi, huyo ndugu wa selimundu tiba yake ingetoka wapi?

Nesi wa Zamu
Mzee unajua ya Henrietta Lacks? 1951 seli zake zilichukuliwa hospitalini Marekani, hakuulizwa, zikaenea maabara za dunia nzima, familia ikaja kujua baada ya miaka zaidi ya ishirini. Na kampuni moja iliyokuwa inafaidika na hizo seli ilikubaliana na familia 2023 tu hapa. Zilikuwa zinaokoa watu, ndiyo. Kuulizwa kungezuia nini?

Halafu kuna Wahavasupai wa Arizona, kabila dogo, walitoa damu miaka ya tisini wakijua inachunguzwa kisukari maana kilikuwa kinawamaliza. Damu ikaja kutumika kwenye utafiti wa skizofrenia, ugonjwa wa akili, na wa asili yao walikotoka, vitu ambavyo kwao ni vizito mno. Walikwenda mahakamani, 2010 chuo kilichofanya utafiti kikakubali kuwalipa dola 700,000 na damu yao wakarudishiwa. Fomu waliyosaini ilikuwa na maneno mapana kama hiyo aya unayoitetea. Sisemi aya ifutwe. Nasema njoo wewe uliyeiandika uieleze kwa mdomo wako mbele ya yule mama, usinitume mimi.

Tunu
👏👏 Hapo kwenye "usinitume mimi".

Mzee wa Pipeti
Nimekusikia. Lakini nikija kila wodi nani atakuwa maabara? Mngesema basi kila utafiti uwe na mtu wa kazi hiyo, aliyesomea, anayelipwa na mradi, si kumbebesha nesi wa zamu juu ya zamu yake. Hilo nitalisaini leo.

Nesi wa Zamu
Na huyo mtu akija na swali kutoka kwa mgonjwa, mtabadilisha fomu au mtamwambia imeshapitishwa na kamati?

Mzee wa Pipeti
Ikishapitishwa ni shida kuibadilisha, inarudi kamati upya, miezi.

Nesi wa Zamu
Ndo nilichokuwa nakisema tangu asubuhi.

BintiSheria
Wasani, wale wenyeji wa kale wa Afrika Kusini, walilipindua hilo. 2017 walitoa kanuni zao wenyewe za maadili ya utafiti, mtafiti anapeleka pendekezo lake kwao kwanza kabla hajaanza, na wanadai heshima, uaminifu, haki na kujaliwa. Kanuni ilikaa mezani kabla ya fomu.

Kipanga
Hizo kanuni za Wasani zilitoka kwenye kongamano au walikaa wenyewe?

BintiSheria
Walizitunga wenyewe kupitia viongozi na baraza lao, wakisaidiwa na wanasheria na watu wa maadili waliofanya nao kazi miaka. Iite unavyotaka.

Kipanga
Mi hiyo siiti kongamano. Wenye jambo wakikaa wakaita wataalamu waje kwao, hapo sina ugomvi. Ugomvi wangu ni wataalamu wakikaa wakamuita mwenye jambo aje kupigwa picha.

Mwana wa Selimundu
Sasa si ungeandika hivyo toka mwanzo mkuu.

Mama Pacha
Samahani nimechelewa kuingia. Hii ya damu imenishtua. Watoto wachanga wakitobolewa kisigino hospitali, lile tone kwenye karatasi linaenda wapi baada ya kipimo? Nilisoma Texas wazazi walishtaki, ikabidi serikali iharibu sampuli zaidi ya milioni 5 zilizokuwa zimehifadhiwa bila ruhusa yao. Wangu walipimwa wote wawili na sikumbuki kusaini chochote.

Nesi wa Zamu
Mama Pacha, rudi ulipojifungulia uulize kwa maandishi, omba jina la maabara na muda wa kuhifadhi. Wakikwambia haiwezekani kujua, andika hapa tuone.