Kundi la watu wanane tumepigwa sifuri, na bado mnasema mhadhiri ana roho mbaya

Wakuu, hili ninalo kooni tangu Jumatatu na limekataa kushuka.

Nasoma sheria, mwaka wa tatu. Tulipewa asaimenti ya kundi kwenye somo la ushahidi, alama 15 kati ya zile 40 tunazoingia nazo kwenye UE, yaani mtihani wa mwisho wa chuo. Wawili hawakutokea hata kikao kimoja, ila siku ya kukusanya walikuwa wa kwanza kuulizia kama majina yao yamo. Hayo tumeshayazoea, na kosa ni letu tunaoyazoea. Mimi na dada mmoja tulikesha siku tatu tunasoma hukumu. Sehemu ya mtuhumiwa kukiri kosa mbele ya polisi akaichukua jamaa mmoja: "Niachieni hiyo, usiku huu naimaliza." Na kweli aliimaliza. Kurasa nne, Kiingereza kimenyooka, kesi tano za Mahakama ya Rufani zenye majina, miaka na namba.

Kesi tatu kati ya hizo hazijawahi kuwepo duniani. Mhadhiri alizitafuta TanzLII, tovuti ya hukumu za mahakama zetu, mbele ya darasa zima, moja baada ya nyingine, hola. Akili mnemba ilizitunga, jamaa akazibandika zilivyo. Tovuti yenyewe ni ya bure! Dakika tano zilimshinda.

Sasa kilichonichoma ni yaliyofuata WhatsApp. "Angetuonya kwanza." "Huyu mzee anapenda kukamata watu." CR, mwakilishi wa darasa letu, anakusanya saini tupeleke malalamiko kwa mkuu wa idara. Jamaa mwenyewe hajaomba radhi, anauliza mbona hatukupitia kazi yake kabla ya kukusanya.

Hapo amesema kweli. Sikupitia. Ilikuwa saa tano usiku, nikaona kurasa zimejaa, nikasaini karatasi ya mbele inayosema kazi ni yetu sote. Sifuri yangu ni halali na nimekwenda kumwambia mhadhiri hivyo.

Mwaka 2023 kule New York mawakili walipeleka mahakamani kesi zilizotungwa na ChatGPT. Jaji aliwapiga faini ya dola 5,000, na hakusema kutumia chombo hicho ni kosa. Kilichowaponza ni kuendelea kuzitetea hata baada ya kuulizwa ziko wapi. Ndicho mnachotaka tukifanye kwa mkuu wa idara!

Na ule mwaka wa 2022 mnaoupenda kuutaja, Law School, wanakopita wahitimu wa sheria kabla ya kuwa mawakili, watahiniwa walikuwa 633 na waliofaulu moja kwa moja ni 26. Kamati ya kuchunguza ikaundwa, sawa, ina haki yake. Lakini vijiweni hadi leo lawama zote ni za Law School, sijasikia hata mmoja akisema alifika pale kwa kudesa.

Kesho kuna mtu yuko mahabusu Keko, mama yake ameuza kiwanja akulipe wewe usimame umtetee. Polisi wanasema alikiri, yeye anasema alipigwa. Utampa nini jaji, kesi ulizozibandika usiku mmoja?

CR, jina langu lisiwemo kwenye karatasi hiyo. Na wewe jamaa, najua unasoma hapa. Ofisi ya mhadhiri iko wazi mpaka Ijumaa saa nane mchana. Nenda ukaseme ile sehemu ni yako.