Wenye mbwa mtaani wanaacha kinyesi barabarani: njia ipi inafanya kazi kweli?

MkaziMikocheni

Wakuu, habari za leo. Mtaa wetu uko Mikocheni, Dar es Salaam, nyumba 38, karibu zote zina geti, na mbwa wa kufugwa ni 15. Kuanzia saa kumi na moja alfajiri mageti yanafunguliwa, mbwa wanatolewa, wengine kwa kamba, wengine wanaachiwa tu. Wanajisaidia barabarani kisha wanarudi ndani. Watoto wanacheza mpira peku kwenye mchanga huohuo, na wanaokwenda kuswali alfajiri wanakanyaga gizani. Kibao cha marufuku kipo na hakijabadilisha kitu. Sasa kamati inataka kuanzisha faini ya shilingi 50,000, na wengine wanapendekeza tuchange pesa tuajiri mtu wa kuzoa kila asubuhi.

Naomba wenye ujuzi mnisaidie. Faini itasaidia? Mtu aokote kwa kitu gani ikiwa mifuko ya plastiki ilishapigwa marufuku? Akishaokota akatupe wapi, maana gari la taka linapita mara moja kwa wiki? Na tafadhali, ushauri wa kuwawekea mbwa sumu usiletwe hapa. Ni ukatili, na sumu haichagui kati ya mbwa na mtoto.

DaktariMifugoPwani

Mkuu, kabla ya faini angalia saa. Mbwa mwenye minyoo ya toksokara anatoa mayai ambayo siku hiyo bado hayaambukizi. Yanahitaji kama wiki mbili hadi nne kwenye udongo wenye joto na unyevu ndipo yaive. Mnyoo jike mmoja anaweza kutaga hadi mayai 200,000 kwa siku, na yakishaiva yanadumu udongoni miezi mingi, hata miaka. Mtoto akiyameza kwa mikono yenye mchanga, viluwiluwi vinasafiri mwilini hadi kwenye ini, mapafu, na mara nyingine jicho.

Minyoo ya safura ya mbwa ina haraka zaidi. Yai linaanguliwa ndani ya siku moja au mbili, na baada ya wiki moja hivi kiluwiluwi kiko tayari kupenya ngozi ya mguu. Ule mstari mwekundu unaopindapinda kwenye unyayo na kuwasha sana ndio huo. Mchanga wa Dar ulio kivulini na wenye unyevu unaufaa mno.

Kwa hiyo lengo la mtaa liwe moja na lipimike: kinyesi kisilale chini zaidi ya saa 24. Ukizoa kilichokauka baada ya wiki mbili, umeondoa kinachoonekana tu, mayai yamebaki. Mchanga uliochafuka kwa muda mrefu paruza sentimita tano hadi kumi za juu uondoe, ujaze mpya. Jik haiui mayai ya toksokara, kwa hiyo msijipe matumaini nayo. Kwenye sakafu ngumu tumieni maji yanayochemka, baada ya kuondoa kinyesi chenyewe. Na anayeokota aoshe mikono kwa sabuni hata kama kinyesi ni cha leo, kwa sababu mayai ya baadhi ya tegu yanaambukiza papo hapo.

Upande wa pili ni dawa za minyoo. Watoto wa mbwa huanza wakiwa na wiki mbili, wanarudia kila baada ya wiki mbili hadi wafikishe wiki nane, kisha kila mwezi hadi miezi sita. Mbwa mkubwa kila miezi mitatu. Orodha ya mbwa wa mtaa ni rahisi kuipata mkiiandika siku ya chanjo ya kichaa cha mbwa, maana siku hiyo kila mmoja anakuja na mbwa wake kwa hiari.

MamaBustani

Mwanangu, vifaa vyenyewe ni vya bei nafuu. Kila nyumba yenye mbwa iwe na kizoleo cha bati chenye mpini mrefu, koleo dogo la bustani, na ndoo ya lita 10 yenye mfuniko. Vinatosha.

Kilichokatazwa Juni 1, 2019 ni mifuko ya plastiki ya kubebea. Vifungashio vya bidhaa kama mkate vilibaki, na watu wengi huokotea kwa mfuko wa mkate uliokwisha. Lakini piga hesabu: mbwa anajisaidia mara mbili kwa siku, yaani mara 14 kwa wiki, na nyumba inamaliza mikate mitatu au minne. Utakwama siku ya tatu, na hapo ndipo mtu anapoanza kuacha barabarani. Kizoleo hakiishi. Kwa anayemtembeza mbwa mbali na nyumbani, karatasi mbili za gazeti zilizokunjwa mara nne zinatosha, mradi kinyesi ni kigumu.

Kwenye mchanga, ingiza koleo sentimita mbili chini ya kinyesi, uchukue na mchanga wake. Kwenye pavingi mwagia majivu au maranda, subiri dakika mbili au tatu kikauke juu, kisha kwangua. Usikisogelee na fagio la chelewa. Chelewa zinakitandaza kwenye mianya, halafu fagio lenyewe linabeba uchafu hadi uani kwako. Usikisukumie mtaroni pia. Mtaro wa huku unaishia baharini, mvua moja tu na kiko ufukweni.

Sasa pa kutupa. Mbwa wa kilo 20 na kitu anatoa kama gramu 300 kwa siku, kilo mbili kwa wiki. Mwenye uwanja achimbe shimo la upana wa sentimita 40 na kina cha 80, aliwekee mfuniko mzito. Kila akitupa, aongeze konzi mbili za maranda au udongo mkavu. Bila hivyo nzi watajaa na harufu itamshinda. Likibaki sentimita 30 kujaa, afukie na ahamie jingine. Kwa mbwa mmoja ni miezi minne au mitano hivi. Liwe mita 30 kutoka kisimani, na juu yake zipandwe maua tu, siyo mchicha. Kuchanganya na mboji ya bustani sishauri, kwa sababu mboji ya nyumbani haipati joto la kuua mayai aliyoyasema daktari.

Asiye na uwanja anaweza kutupa chooni kinyesi cha kwenye pavingi, bila karatasi. Cha mchangani hapana, mchanga unajaza chemba. Kingine kiwekwe kwenye ndoo yenye maranda, kifungwe gazeti mara mbili, kitiwe kwenye kiroba cha unga siku ya gari la taka. Wazoa taka waambieni ni kiroba kipi. Wanashika kwa mikono mitupu, na wana haki ya kujua.

NyumbaKumi

Nami nijibu la faini na la kuajiri mtu.

Kwanza jiulizeni nani ameshika kamba saa kumi na moja alfajiri. Kwenye mageti mengi ni mlinzi au kijana wa kazi, siyo mwenye mbwa. Faini ya 50,000 itakatwa kwenye mshahara wake, naye atajifunza kumtoa mbwa saa kumi usiku ambapo hakuna anayeona. Barua iende kwa mwenye nyumba, kizoleo kiende kwa mlinzi, na kazi hiyo itajwe wazi kwenye majukumu yake. Kibao chenu kinasomwa na mtu ambaye hajapewa hata gazeti la kuokotea.

Pili, kamati ya wakazi haina mamlaka ya kutoza faini. Faini inatoka kwenye sheria ndogo za halmashauri. Ombeni nakala kwa mtendaji, muone zinasema nini kuhusu uchafu na mifugo, na mumhusishe afisa afya wa kata mapema. Yeye ana Sheria ya Afya ya Jamii ya mwaka 2009 nyuma yake. Ninyi mnachoweza ni makubaliano yaliyosainiwa kila nyumba, yakagongwa muhuri wa serikali ya mtaa.

Kuajiri mtu kunavutia, ila Paris walipita njia hiyo. Miaka ya 1980 jiji lilileta pikipiki za kufyonza kinyesi cha mbwa. Gharama ilikuwa kubwa, sehemu kubwa ya uchafu ilibaki, na wenye mbwa wakazoea kwamba hiyo ni kazi ya jiji. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 wakaziondoa, wakahamia kwenye faini. New York walianza upande mwingine: sheria iliyoanza kutumika Agosti 1, 1978, enzi za Meya Ed Koch, ilimtaka mwenye mbwa aokote mwenyewe. Askari hawezi kuwepo kila mbwa anapochuchumaa. Kilichofanya kazi ni jirani kumwangalia jirani. Kuna miji iliyofika hadi kupima vinasaba vya kinyesi, Petah Tikva huko Israel walijaribu mwaka 2008, lakini lazima kila mbwa awe amesajiliwa kwanza. Kwa mtaa wa mbwa 15 chokaa inatosha.

Namaanisha hivi. Kwa siku 14, watu wawili wapite saa kumi na mbili na nusu asubuhi na kopo la chokaa. Kila kinyesi kizungushiwe duara, na kwenye daftari iandikwe tarehe na geti lililo karibu. Kisha kizolewe. Duara linabaki. Siku ya tano barabara itakuwa imejaa maduara, na kila mtu atayaona akitoka kazini. Ramani hiyo itawaonyesha pia sehemu mbili au tatu zenye uchafu mwingi, maana mbwa hurudi palipo na harufu. Sitashangaa mageti manne yakiwa chanzo cha sehemu kubwa. Hao ndio wa kwenda kuzungumza nao, siyo wote 38.

MkaziMikocheni

Nashukuruni sana, mmenifungua macho, hasa hilo la kamba imeshikwa na nani. Nina maswali mengine. Mbwa wengine kinyesi chao ni uji mtupu, hakishikiki kwa koleo wala gazeti. Na mwenye nyumba akikataa kabisa tunafanyaje? Pia pale mbele ya msikiti tuna haraka napo.

DaktariMifugoPwani

Kinyesi laini mara nyingi ni minyoo au chakula kinachobadilishwa ghafla: leo ugali na dagaa, kesho mabaki ya pilau yenye mafuta. Apewe dawa ya minyoo, na chakula kipya kichanganywe na cha zamani kidogo kidogo kwa siku saba. Kikiendelea kuwa uji zaidi ya siku mbili, au kikiwa na damu, apelekwe kwa daktari.

Kuna jambo litakalopunguza kazi yote hii. Mbwa wengi hujisaidia ndani ya nusu saa baada ya kula. Alishwe saa zilezile kila siku, kisha apelekwe kwa kamba kwenye kona moja ya uwanja, mita mbili kwa mbili, yenye mchanga. Siku mbili za kwanza acha hapo kipande kidogo cha kinyesi chake ili anuse. Akimaliza tu, papo hapo, apewe dagaa mmoja. Ukichelewa hadi mmefika mlangoni, ataelewa amezawadiwa kwa kurudi. Wiki mbili hadi tatu anazoea. Makosa ya kawaida ni kumpiga pua kwa kuchafua. Anajifunza kujificha tu. Barabarani atoke baada ya hapo, akiwa mwepesi.

NyumbaKumi

Anayekataa, waende watu wawili, mmoja awe jirani anayemheshimu. Waende jioni, siyo asubuhi akikimbilia kazini. Wabebe ramani na waombe kitu kimoja tu: kizoleo kitundikwe kwenye msumari upande wa ndani wa geti, kamba ya mbwa itundikwe hapohapo, ili ukichukua kimoja umeshika na kingine. Akikataa tena, afisa afya amwandikie notisi. Picha za geti lake msizirushe kwenye kundi la WhatsApp. Mtapata ugomvi, na kinyesi kitabaki.

MamaBustani

Mbele ya msikiti wekeni taa ya sola leo hii, mwanangu, kabla ya kikao chochote. Kwa madhehebu ya Shafi ya huku pwani, najisi ya mbwa ni nzito: huoshwa mara saba, moja kwa udongo. Mtu aliyekanyaga dakika tano kabla ya sala hana muda huo. Kizoleo kimoja kikae hapo, na zamu ya kuangalia iwe kabla ya adhana ya alfajiri. Wekeni na bomba au ndoo ya maji pembeni, na bakuli la udongo safi.

Na masika yakija, chokaa itafutika usiku mmoja. Tumieni vijiti vilivyofungwa utepe. Kuhusu mashimo, kila nyumba ichimbe la majaribio Aprili: maji yakionekana kabla ya mita moja, nyumba hiyo itumie ndoo na maranda tu.