Mjadala: Je, Mkulima Autegemee Utabiri wa Wazee wa Nganyi?

Mwalimu wa Kisumu:
Wazee wa ukoo wa Nganyi, wanaorithishana kazi ya kutabiri mvua kule Bunyore, Kaunti ya Vihiga, magharibi mwa Kenya, wamekuwa wakikutana na wataalamu wa Idara ya Hali ya Hewa ili watoe utabiri wa pamoja kabla ya msimu wa mvua. Nasema mkulima asiutegemee. Kutazama miti inavyochipua na wadudu wanavyohama, kama wafanyavyo wazee hao, ni mazoea, si hekima, kwa sababu mtu asiyejua hata kusoma hawezi kueleza chanzo cha anachokiona.

Mkulima wa Luanda:
Mwalimu, mengine ningeyanyamazia, lakini hilo la kutojua kusoma limeniuma kwa niaba ya wazazi wetu. Marehemu Profesa Henry Odera Oruka, mwana wa Siaya aliyefundisha falsafa Chuo Kikuu cha Nairobi, aliwaendea wazee vijijini, wengi wao wasio na shule ya kutajika, akayaandika mazungumzo yao, na akaonyesha kwamba kuna mzee anayerudia tu aliyoyarithi na kuna anayeyapima na kuyakataa yasiyosimama. Nawe unayeamini vyombo vya kupimia hali ya hewa pekee, kumbuka Oktoba 2023, Rais William Ruto alipotangaza kwamba El Nino iliyotarajiwa haitakuwapo, na mwezi uliofuata mafuriko yakaua watu.

Mwalimu wa Kisumu:
Ndugu yangu, tangazo la Rais usilibebeshe vyombo. Idara ilikuwa imeonya mapema. Na huyo Oruka unayemleta anakupinga wewe: ikiwa hekima ni kupima ulichorithi, ukoo mzima utakuwaje na hekima kwa kuzaliwa? Nitamwita mzee fulani mwenye hekima nikishasikia ni lini aliupinga utabiri wa baba yake, na kwa nini.

Mama wa Emuhaya:
Mwalimu, mzee anayekubali alama zake ziwekwe kando ya takwimu za wataalamu, zikajadiliwa pale zinapopingana, tayari anapima. Hana haja ya kumpinga baba yake ili akuridhishe. Ambalo hamjaligusa ni hili: pande hizo mbili zikitofautiana hadi mwisho, sisi tunaolima tunaambiwa nini? Utabiri wa pamoja ukiificha tofauti hiyo, tunanyimwa jambo tunalolihitaji zaidi, nalo ni kujua ni wapi ambapo hakuna ajuaye. Naomba tofauti itangazwe waziwazi, ili niamue mwenyewe kama nitapanda shamba lote au nusu.