Naandika daftari kila usiku lakini maamuzi yangu hayabadiliki, nakosea wapi?

Mleta mada: Heshima kwenu wakuu. Kila usiku naandika nilipokosea na kwa nini niko hivi. Kurasa zinajaa, makosa ni yale yale. Naomba mbinu mahususi, maneno ya kutia moyo ninayo ya kutosha.

Kalamu: Mkuu, anza na hilo "kwa nini". Mwaka 1977 wanasaikolojia Richard Nisbett na Timothy Wilson waliandika kuhusu jaribio ambamo watu walichagua iliyo bora kati ya jozi nne za soksi ndefu, zote sawasawa. Ya mwisho kulia ndiyo iliyochukuliwa zaidi. Walipoulizwa sababu, hakuna aliyetaja mahali ilipowekwa. Nawe ukijihoji usiku umechoka, unatunga sababu inayosikika vizuri, kesho unaiamini. Uliza "nini": nini kilitangulia, mwili ulihisi nini, ukafanya nini, kikafuata nini. Mistari minne inatosha.

Mizani: Kalamu kasema kweli, ila kuna kasoro kubwa zaidi: unaandika matokeo yakiwa yameshajulikana. Mwanasaikolojia Baruch Fischhoff alionyesha mwaka 1975 kwamba mtu akishajua mwisho wa jambo, hujiona alilitarajia tangu mwanzo. Kwa hiyo huwezi kuliona kosa lako la kufikiri, limeshafunikwa. Andika kabla. Tenga daftari la pili la maamuzi mazito tu: tarehe, unachoamua, ulichokiacha, unachotarajia na kufikia lini, uhakika wako kwa asilimia, na hali yako saa hiyo (hasira, njaa, usingizi).

Asilimia ndiyo watu wengi huiruka, na faida iko hapo. "Naona itafaulu" haina pa kushikwa, 80 inashikika. Ukifikisha maamuzi 10 uliyoyapa 80, hesabu yaliyotimia. Yakiwa matano badala ya kama manane, unajiamini kupita kiasi, hasa kama mengi yaliyoanguka yana neno "hasira" pembeni. Usifute kitu. Ukibadili mawazo, andika chini yake kwa tarehe mpya.

Mleta mada: Shukrani sana. Na nikishaona kosa linalojirudia?

Kalamu: Ligeuze liwe sharti, mbinu aliyoichunguza mwanasaikolojia Peter Gollwitzer: "ikitokea hiki, nitafanya kile". "Nitakuwa mvumilivu" haishiki kwa sababu haisemi lini. "Nikipata ujumbe wa kuudhi, naweka simu chini, najibu baada ya dakika 10" inashika. Sharti moja kwa wakati mmoja, likizoeleka ongeza jingine.

Tulivu: Niongeze tahadhari. Ukiona unaandika jambo lilelile siku ya nne mfululizo bila neno jipya, huko si kujitafakari tena, ni kujitafuna. Weka kikomo cha dakika 15, na ujiandikie kwa jina lako kama unayemshauri rafiki. Umbali huo mdogo, ambao mwanasaikolojia Ethan Kross na wenzake wameuchunguza, hupunguza makali ya hisia. Usingizi ukiendelea kukukimbia, weka kalamu chini umwone mtaalamu wa ushauri nasaha.